Jicho la Emmanuel, Kutoka Kericho Hadi Siongiroi

Tangu nirudi kazini mnaniuliza, "Mama Awuor, likizo ilikuwaje?" Nikianza kujibu, chai inapoa, meneja anachungulia mlangoni, na hadithi inakatikia Chepseon. Kwa hivyo nimeiandika yote. Yule aliyetangaza ofisi nzima kwamba nilienda Mombasa kupunga upepo, aketi mbele kabisa asikie vizuri.

Nilienda Siongiroi kumtafuta mtoto ambaye sikuwa nimewahi kumwona.

Mtoto mwenyewe anaitwa Emmanuel, na alikuwa hajafikisha miaka miwili. Mama yake, Mercy, alimpiga picha kwa simu akaona kitu cha ajabu: jicho moja lilikuwa jeusi kama kawaida na lingine liling'aa jeupe katikati, kama la paka ukimmulika na tochi. Nesi wa zahanati alishuku mara moja akawatuma hospitali kubwa, na huko wakaambiwa ni saratani ya jicho ya watoto, ugonjwa adimu ambao madaktari wengi huusoma vitabuni tu. Daktari alisema jicho litolewe upesi. Lilikuwa limeshapoteza kuona, lakini ugonjwa ulikuwa bado umefungika ndani yake. Ukitoboa kwa nyuma unashika njia ya ubongo, na hapo hata daktari hodari hukuna kichwa. Mercy akasema anarudi nyumbani kushauriana na wakubwa. Hakuonekana tena, na simu yake ikawa haipatikani.

Haya yote nilielezwa na Faith Chepkoech baada ya ibada, kwenye mkutano wa akina mama. Faith anafundisha nasari Chepseon, na ni mmoja wa kikundi kidogo cha wazazi wanaosaidia familia zenye watoto wenye saratani za aina hiyo. Yeye si mzazi. Yumo kwa sababu aliugua ugonjwa huohuo akiwa mtoto, na jicho lake la kushoto ni la bandia. Nimeimba naye kwaya muda mrefu na sikuwa nimejua. Alikuwa anatafuta mtu mwenye gari, na kabla sijafikiri mdomo wangu ukasema, "Mimi na Probox yangu tuko."

Kericho hadi Chepseon, halafu kule ambako hatukuwa tunaenda

Chepseon na Siongiroi ni kama mgongo na tumbo, kwa hivyo nilijua siku itaanza kwa kurudi nyuma. Nilimkuta Faith kando ya barabara, koti limefungwa hadi shingoni, na mkoba mdogo ambao mimi ningebebea miwani tu.

"Auntie, kabla tushuke Bomet, tupitie Kipkelion kidogo," akasema.

Kidogo! Mkisikia mtu wa huku akisema kidogo, bebeni chakula.

Kule Kipkelion tulikuwa tunaenda kwa Mama Kiptoo, ambaye mwanawe alimaliza matibabu ya saratani ya figo. Faith alitaka tu kumjulia hali. Lakini si mnajua mambo ya kujulia hali? Tulipewa chai ya maziwa matupu, tukapewa viazi, tukapewa chai tena, tukaonyeshwa ndama. Kiptoo mwenyewe alikuwa anakimbiza kuku uwanjani, na mama yake alimfuata kwa macho kila alipopita, hata akiwa anatumiminia chai. Nilimuuliza kama bado anaogopa.

"Naogopa akikohoa," akasema. "Naogopa akikataa chakula. Lakini hiyo ni kazi yangu sasa, si yake. Yeye acha akimbize kuku."

Tulipoinuka kuaga, alileta mursik ndani ya sotet, kile kibuyu chao cha maziwa ya kugandisha, amekifunga kwa kifuniko cha ngozi. "Hii ni ya mama ya Emmanuel," akasema. "Mwambieni imetoka kwa mtu amewahi kulala sakafu ya hospitali." Hajawahi kuonana na Mercy. Wala hakuuliza ni wa ukoo gani, kanisa gani, wala kama atamrudishia kibuyu.

Nilikiweka nyuma ya gari na kukikumbatisha blanketi, na nikawa naendesha kama niliyebeba mayai.

Tukakwama Litein

Tulirudi Kericho, tukashika barabara ya Litein. Ninyi mmezoea majani chai hadi hamyaoni tena, na mimi pia. Lakini Faith alifungua dirisha akasema, "Auntie, hebu angalia vile imeoshwa," nikaangalia. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, na vilima vilikuwa kijani kibichi hadi mtu angetaka kuvila.

Karibu na Litein tela la trakta lilikuwa limelala katikati ya barabara, majani yote chini. Wachumaji walikuwa wanayazoa kwa mikono na kuyarudisha kwenye magunia, bila kugombana, wakimtania dereva kwamba leo amechuma peke yake. Foleni ikawa ndefu. Nilinunua mahindi ya kuchoma, nikala la kwangu, na Faith alipokawia kula lake nikalitazama kwa imani hadi akalikata akanipa nusu.

Hapo ndipo nilipopata nafasi ya kumuuliza kile ambacho kilikuwa kinaniwasha tangu asubuhi. Kwa nini anajisumbua hivi? Alipona akiwa bado hajui kusema. Angeweza kusahau.

"Sijasahaulishwa," akacheka. "Jicho hii unaitoa, unaosha, unarudisha. Ukiwa na jicho ya kuosha huwezi sahau."

Halafu akaniambia habari ya utafiti. Madaktari wa ile hospitali kubwa wanatafuta kujua kwa nini ugonjwa huu huingia familia nyingine mara moja tu na kuondoka, na nyingine hurudi na kurudi. Wakaomba damu yake na ya mama yake. Alitoa, na baada ya kusubiri sana aliitwa akaambiwa kwamba kile kilichosababisha ugonjwa wake anaweza kumpitishia mtoto.

Nikaacha kutafuna, na ninyi mnajua hilo hutokea mara ngapi.

"Usinionee huruma, Auntie. Mama yangu alijua wakati jicho imeshang'aa. Mimi nikizaa, mtoto ataangaliwa macho kabla hata apewe jina. Hiyo damu imeninunulia wakati. Na Emmanuel, hatujui kama yake ni ya kurithi. Kama ni hiyo, wadogo zake watahitaji kuangaliwa, na hata watoto wa ndugu za baba yake."

Alisema hivyo akipangusa chumvi ya mahindi vidoleni, kama anayeeleza ratiba ya shule. Nilimheshimu pale kwenye foleni kuliko nilivyowahi kumheshimu mtu aliyesimama jukwaani.

Bomet, na njia ya uongo

Bomet tulimwona yule nesi wa zahanati, ambaye alikuwa mjini siku hiyo. Alitwambia boma liko upande gani wa soko la Siongiroi, kisha akasita. "Mercy si mbaya," akasema. "Shida iko kwa Kogo." Kogo ni bibi, mama wa mume wa Mercy. Mume mwenyewe, Weldon, anafanya kazi ya mjengo Narok na huja mwisho wa mwezi. Boma liko mikononi mwa Kogo.

Ukishapita Bomet kwenda chini, majani chai yanakuacha bila kwaheri. Hewa inapata joto, mahindi yanachukua nafasi, halafu ng'ombe. Barabara ya vumbi ilitupokea vibaya. Tulipofika shimo la tatu au la nne nilisikia nyuma mlio kama wa chupa ya soda, na harufu ikatufikia kabla sijasimamisha gari. Kifuniko cha sotet kilikuwa kimeruka. Blanketi langu lilikunywa theluthi ya zawadi ya Mama Kiptoo, na Probox hadi leo inanukia kama boma la Mkipsigis aliyebarikiwa.

Siongiroi ilikuwa siku ya soko la mifugo. Mwanamume mmoja aliniona nimevaa miwani ya jua, nina gari, akaamua mimi ni mnunuzi. Alinifuata akisifu fahali hadi nikaanza kumpenda yule fahali. Nilipomwambia natafuta kwa kina Mercy, mama ya Emmanuel, alikunja uso.

"Huko ni mbali," akasema. "Piteni hiyo mlima, mkate kushoto."

Tulipita huo mlima. Tulikata kushoto. Tulifika kwenye lango la ng'ombe na mto usio na daraja. Tulirudi, tukamuuliza mwingine, akatutuma upande mwingine kabisa, na huko tukakuta kanisa lililofungwa. Nilianza kukasirika. Nilifikiri watu hawa hawajui kwao.

Walijua sana. Habari ilikuwa imetutangulia sokoni kwamba kuna watu wamekuja na gari kumchukua mtoto wang'oe jicho lake. Tulikuwa tunapotezwa kwa makusudi, na kwa upole, kila mtu akitutakia safari njema.

Aliyetuokoa ni mama muuza ndizi. Tulisimama kwake kwa sababu ya njaa tu. Alimpa Faith ndizi, akamtazama, akainama akamtazama tena.

"Wewe, msichana. Jicho yako moja haizunguki."

"Haizunguki kwa sababu si yangu," Faith akamjibu kwa Kikipsigis. "Walitoa yangu nikiwa mdogo. Ilikuwa na ugonjwa kama ya Emmanuel."

Mama yule aliziweka chini ndizi zilizobaki mkononi. Kisha akafunika bidhaa zake kwa gunia, akamwambia jirani amwangalizie, akaingia ndani ya gari bila kukaribishwa. "Twende," akasema. "Nitawapeleka mimi. Na hiyo harufu ni ya nini?"

Kwa Kogo

Boma lilikuwa safi, limefagiliwa hadi mistari ya ufagio inaonekana. Mercy alitoka jikoni, akatuona, akajua. Ni msichana mdogo, kama umri wa Faith. Mgongoni alikuwa na Emmanuel, na alipogeuka niliona jicho lile. Kwa mbali ungedhani ni mwanga tu umelipiga. Kwa karibu huwezi kudhani kitu kingine.

Nilikuwa na methali tayari ulimini, mchelea mwana kulia hulia yeye. Niliimeza. Ukimwona Mercy alivyokuwa amekonda, ungejua hakuna kilio alichokuwa amebakiza.

Kogo alitukaribisha vizuri. Hilo niliseme wazi, kwa sababu nilikuja nikitarajia bibi mkali wa kutufukuza na fimbo. Alitushika mikono, akatuuliza habari za mvua ya Kericho, akapokea kilichobaki cha ile mursik kwa mikono miwili, akaonja, akasema aliyeitengeneza anajua kazi. Aliyempokonya Mercy mtoto kwa upole na kumpakata alikuwa bibi anayempenda mjukuu wake, basi. Kitu kimoja tu kilinichanganya: sisi sote tulimwita mtoto Emmanuel, na yeye akamwita Lang'at. "Lang'at, kunywa. Lang'at, kaa hapa." Nikamhesabia umri. Nikajiambia, masikini, uzee umemchanganya.

Faith alikuwa amenieleza kwamba daktari angependa kujua kama ugonjwa huu uliwahi kuwapo katika familia. Kwa kuwa kila mtu alikuwa anazunguka jambo lenyewe, nikaona nisaidie. Mnajua vile ninavyosaidia.

"Kogo," nikasema, "ulizaa watoto wangapi?"

Kogo alitazama pembeni. Yule mama wa ndizi alishika kinywa. Faith alinibonyeza paja hadi leo pana alama. Kwa Wakipsigis mtoto hahesabiwi, na ng'ombe pia. Ukihesabu ni kama unamwonyesha mwenye njaa mahali chakula kilipo. Hata kwetu ziwani wazee hawapendi, lakini mimi ofisi imeniharibu. Nikiona vitu vinafanana nataka jumla yake.

Faith alimsogelea Kogo. Alimwomba Kogo msamaha kwa niaba ya mgeni asiyejua, kisha akamwambia kwa Kikipsigis, pole pole, "Kogo, nitajie watoto wako. Nitajie majina tu, kuanzia wa kwanza."

Uso wa Kogo ukalainika. Hilo lilikuwa jambo analoweza kufanya. Alianza kuwataja, na kila jina alilipa habari kidogo: Joseph yuko Kipkelion, amejenga. Rebecca ameolewa Sotik. Kiplang'at. Weldon, baba ya huyu...

Akakatiza hapo. Kiplang'at kwa kifupi ni Lang'at, na nadhani hata yeye alijishtukia.

"Kiplang'at yuko wapi, Kogo?" Faith akauliza.

Bibi alimkumbatia mtoto. Alianza kwa Kiswahili ili na mimi nisikie, akamalizia kwa lugha yake, na yale ambayo sikuyashika Faith alinieleza baadaye. Kiplang'at alikufa akiwa mdogo, kabla Weldon hajazaliwa. Jicho lake lilianza kung'aa, likavimba, likatoka nje. Watu wakasema ni laana. Mzee wake akakataza jina hilo lisitajwe kamwe, wala Kogo asimlilie hadharani, eti atawaita wengine. Na halikutajwa, hadi Emmanuel alipozaliwa.

Hapa inabidi niwaeleze desturi yao. Mtoto akizaliwa, akina mama wazee huita majina ya marehemu wa ukoo mmoja mmoja, na jina ambalo mtoto atapiga chafya likitajwa, huyo ndiye amerudi. Kanisani hawasemi, lakini hufanya. Waliita babu huyu, wakaita babu yule, mtoto kimya. Kogo, mzee wake akiwa ameshazikwa, akataja Kiplang'at. Wenzake walimkemea kwamba wafu wadogo hawaitwi. Mtoto akapiga chafya.

"Sasa amerudi na jicho yake," Kogo akasema. "Hiyo ndiyo alama, najua ni yeye. Mkiitoa, si mnamfukuza? Atasema mama alinikataa mara mbili."

Mercy alikuwa analia bila sauti mlangoni. Sikumwona tena Kogo kama shida. Nilimwona mama aliyekatazwa kumlilia mwanawe, na sasa anaambiwa ampe mtu kisu.

Faith aliinuka, akapiga magoti mbele yake. Akaomba maji, akanawa mikono, kisha akaweka kidole chini ya kope na kulitoa jicho lake la bandia. Aliliweka kiganjani na kumwonyesha. Kogo hakurudi nyuma. Alimshika kidevu, akamgeuza uso kwenye mwanga wa mlango, akaangalia mahali palipokuwa na jicho. Pamepona, ni pekundu kama ndani ya shavu.

"Walitoa ukiwa hivi?" akauliza, akimgusa Emmanuel.

"Mdogo kuliko huyu."

"Na ukakaa?"

"Nikakaa, Kogo. Nafundisha watoto. Naimba na huyu mama mwenye maswali."

Kogo alicheka kidogo, halafu hakucheka tena. Alikaa muda mrefu akimpapasa mtoto kichwani. Hatukumharakisha. Nje yule mama wa ndizi alikuwa ameanza kumsaidia Mercy kupasua kuni.

Hatimaye Kogo alimwinua mtoto akamweka uso kwa uso, akamwambia kama unavyoongea na mtu mzima:

"Lang'at. Ile mara ya kwanza jicho ilikaa, wewe ukaenda. Saa hii acha iende, wewe ukae."

Kisha akamwambia Mercy atafute shuka nzuri, na yeye aletewe viatu, kwa sababu anaenda pia.

Kupanda tena, na hospitalini

Tulilala kwangu Kericho, asubuhi tukapita Chepseon, tukashika njia ya Nakuru na kuendelea mbele. Kogo hakuwa amewahi kuvuka Kericho. Alikaa mbele, akiniambia nipunguze mwendo kila tulipopita ng'ombe wazuri. Weldon alitupata hospitalini akiwa bado na vumbi la saruji kwenye viatu. Alikuwa hajui kwamba aliwahi kuwa na kaka aliyeitwa Kiplang'at. Mama yake alimweleza kwenye benchi ya kungojea, na alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

Daktari wa utafiti alikuja akaketi chini kuliko Kogo, kitu ambacho nilikipenda. Hakumuuliza maswali ya kukimbia. Alimwomba amsimulie habari za Kiplang'at: lilianza kung'aa lini, jicho gani, alikuwa anapenda nini. Sidhani hilo la mwisho linahitajika katika sayansi. Kogo aliongea hadi chai ikaja na kuondoka. Alisema alipenda kulala juu ya magunia. Alisema alikuwa na sauti kubwa. Damu ilipoombwa, ya Weldon na ya mtoto, Kogo alikunja mkono wa sweta yake pia.

"Chukueni na yangu," akasema. "Kama iko mahali imejificha, muione."

Majibu ya damu bado tunayangoja. Ya jicho yamekuja wiki hii, ndiyo maana naandika nikiwa na moyo mwepesi: ugonjwa haukuwa umetoka nje. Jicho la pili ni zima, na ataendelea kuangaliwa kila mara kwa miaka.

Lakini siku ile tulikuwa hatujui. Emmanuel alitolewa chumba cha upasuaji mchana, nusu ya uso imefungwa bandeji, amelala. Tulisimama pale sote. Alipoamka alilia kidogo, akatafuta, akamwona mama yake, akataka maziwa. Akanywa yote. Akashika pua ya Weldon akaivuta, na wote tukacheka kwa sauti isiyofaa wodini.

Kogo akaanza kulia. Si machozi ya kupangusa na leso. Alilia kwa sauti, mikono kichwani, hadi nesi akaja mbio na Mercy akaogopa.

"Kogo, mbona? Mtoto ako sawa. Angalia, amekunywa!"

"Huyu najua ako sawa," Kogo akasema. "Huyu simlilii. Namlilia yule."

Weldon akaketi karibu naye, akamshika, na hakuna aliyemnyamazisha.